Nani Anaijaza Saa ya Bwana Nukta?

Nabii hakubaliki kwao. Fundi saa wetu aliitengenezea nusu ya mji saa zao, watu wanampangia foleni kwenye chumba cha mbele, lakini babamkwe wake, anayeishi chumba cha nyuma nyumba hiyohiyo, alikuwa na saa iliyokufa miaka mingi na hataki aiguse.

"Ile si saa ya kujifunzia," alisema mzee, na mkamwana wake, ndiye huyo fundi, akarudi kwenye foleni yake.

Saa yenyewe, jamani, ilikuwa saa! Kronografu ya kutia ufunguo, ya zama zile kabla betri hazijaingia na kuwafukuza mafundi wengi kazini. Kichwa cha kuzungusha ili kuijaza kiko katikati, kitufe juu, kitufe chini. Ukibonyeza cha juu, mshale mwekundu mwembamba unaondoka mbio kupima muda. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha kwenye sifuri. Madaktari walizipenda kwa kuhesabu mapigo ya moyo, madereva kwa kupima mwendo. Mzee aliitumia kupimia mbio za baiskeli, ndiyo maana mji mzima ulimwita Bwana Nukta, bwana wa sekunde. Nyumbani aliipimia muda ambao mkewe alitumia kuvaa wakienda harusini, na mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Mwaka huu waandaaji wa mbio walimwalika tena akae mstarini, kwa heshima tu, maana wapima muda wa sasa wana mitambo yao. Mamamkwe akaona hapa ndipo. Akaitoa saa kabatini, akaiweka mezani kwa fundi.

"Ifungue, mwanangu. Huyu baba yako niachie mimi."

Mzee alipoambiwa alinuna. "Haya, fungueni. Lakini mimi siivai."

Hilo ndilo lililomkaa fundi rohoni. Kutengeneza atatengeneza, alichotaka ni kuiona mkononi mwa mzee huyo siku ya mbio, mbele za watu. Akatoa vyuma kimoja kimoja, akaviosha mafuta yaliyoganda kama gundi, akabadilisha springi, akavirudisha. Saa ikaanza kulia. Akapiga kigelegele peke yake chumbani.

Likabaki jaribio. Saa ya namna hiyo ukiijaza mara moja hutembea kutwa kucha na ziada kidogo, kisha husimama. Akaijaza, akaitundika msumarini aone itasimama lini. Kesho yake inatembea. Kesho kutwa inatembea. Siku iliyofuata bado, tena kwa mbwembwe.

"Makubwa haya! Saa au jini?" Saa isiyosimama ni saa asiyoielewa, na asiyoielewa hawezi kumfunga mtu mkononi. Akashika bisibisi aifungue upya.

"Unaifungulia nini tena?" mumewe akauliza. "Si inatembea? Mimi mwenyewe nimeijaza asubuhi nikipita."

"Umefanya nini?"

"Na mimi nilijua umesahau," mamamkwe akadakia kutoka mlangoni, "nikaijaza jana."

Loo! Kumbe nyumba hii mtu hapiti saa ya ufunguo bila kuijaza, kama usivyompita jirani bila salamu. Mzee ndiye aliyewazoesha hivyo. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akawaapisha wote wasiiguse. Mzee naye akaapa, mdomo kaubenua. "Mimi? Nina haja gani nayo?"

Fundi akaijaza upya. Siku moja kabla ya mbio, baada ya chakula cha mchana, muda wake ulikuwa umeshapita, na saa inatembea tu. Fundi akajificha nyuma ya pazia.

Akaingia Bwana Nukta ananyata, viatu kwapani. Akaitungua saa, akaijaza polepole, akaitega sikioni. Kisha akabonyeza kitufe, mshale ukaondoka. Akausimamisha, akaurudisha, ukaruka mpaka sifuri bila kutetereka. Mzee akacheka kitoto.

"Shikamoo, baba."

Nusura aiangushe. "Nilikuwa... naipangusa vumbi."

"Kwa kidole gumba?"

Mzee akaketi, viatu bado kwapani. "Mwanangu, sikuogopa mikono yako. Niliogopa ifunguliwe, kisha niambiwe imekwisha. Ilipokuwa kabatini nilikuwa bado nina saa."

Fundi akacheka huku anafuta machozi. "Sasa umeniharibia jaribio. Sijui itatembea muda gani."

"Watu wa kuijaza tupo." Akanyoosha mkono. "Nifunge."

Kesho yake alisimama mstarini, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto umekunjwa hadi kiwikoni kila mtu aone. Filimbi ikalia, kidole kikabonyeza, mshale mwekundu ukaondoka. Tangu hapo hakuitazama barabara tena.

"Tazameni unavyokwenda!" aliwaambia wapima muda wenzake, muuza maji, hata askari wa barabarani. "Hausiti! Mkwe wangu huyu hapa, kaosha kila jino la kila gurudumu!" Fundi aliona haya, na furaha ikamjaa hadi pomoni.

Baiskeli zikazunguka mji, zikarudi. Wa kwanza akapita mstarini, watu wakalipuka kwa kelele, na Bwana Nukta, ambaye ujana wake wote hakuwahi kukosa hata nukta moja, bado kainamia mkono wake akiufuata ule mshale.

"Baba, bonyeza! Wameshafika!"

"Kina nani?" akauliza mzee.