Dawa ya Kushikisha Picha

Muke wangu Adolphine alisemaka mi ni mugonjwa wa giza. Kweli. Nikitoka biro sikai chini: ninajifungia mu depo ya bunga, naziba mulango na blanketi, nawasha taa yenye kitambaa chekundu. Karatasi nyeupe inaingia mu dawa, unangoja, na mutu anatokea, kwanza macho. Nani ataacha kitu kama hicho? Mwezi ule nilitoa picha za kinga yangu, ile baiskeli ya kuendea kazi, upande wa kengele na upande wa munyororo. Kuku za Adolphine nilizitoa mara kumi na moja. Ujinga mutupu.

Kisha Tshilombo, jirani yetu hapa Kapata, akafa. Muke wake Mianda alikuwa anarudi Kasai na treni ya saa sita. Alikuja kuniomba ile picha niliyomupiga bwana yake siku ya Pasaka. Mama ya Tshilombo hakumuona mutoto wake tangu alipokuja kazi huku, miaka kumi na moja. Mianda alitaka amupelekee hata sura tu.

Asubuhi ya safari nilijifungia. Tshilombo alitoka muzuri sana, na kofia yake. Nikashika chupa ya pili, dawa ya kushikisha. Hakuna hata tone. Niliimaliza na kuku! Bila ile dawa picha ikiona jua inakuwa nyeusi, na ingine ingetoka Elisabethville kisha wiki mbili. Haya ilinishika. Niliifunga mu karatasi nyeusi, nikamwambia Mianda asiifungue mpaka Kasai, nami nilijua hata kule itaharibika.

Ku gare ya treni jua lilikuwa kali. Batu ya Kasai bote ya Kapata balikuja kumuaga Tshilombo, na Mianda akaifungua. Picha ikapita mukono kwa mukono, bamama banamuita na majina ya baba yake. Mi nilikuwa naenda na kurudi, jasho tu. Kofia ilianza kupotea. Kisha mashavu.

"Mama, mufunike," nilimwambia. "Tafazali."

Aliniangalia. "Tata Kabeya, juzi tulimufunika na udongo. Leo aonekane."

Treni ilipolia alirudishiwa picha. Aliipangusa na kona ya kitambaa chake, akapangusa tena, akifikiri ni uchafu wa mikono ya batu.

Filamu yake nilikuwa nayo bado, dawa ikifika ningetoa picha ingine. Nilipaswa kusema tu nitakutumia ingine. Lakini angeuliza sababu, na ningemutajia kuku. Nilimupungia mukono, na treni ikaenda.