Ondiek Alirudi Ndani ya Robota

Alhamisi asubuhi Atieno alikata kamba ya robota la yunifomu kwenye kibanda chake pale soko la Kibuye. Alitoa sweta za kijani, akatoa shati, na ndani ya pindo la shati moja akakuta sikio la mume wake. Alilijua kwa kovu lake. Akalipangusa vumbi kwa leso, akaliambia, "Baba Debra, karibu nyumbani."

Mume huyo, Ondiek, alikuwa fundi papo hapo Kibuye. Alishona yunifomu zenye pindo pana, ili mtoto akirefuka mama afumue badala ya kununua nyingine. Kisha nchi zikakubaliana nguo zivuke mpaka bila ushuru, na shati lililokwisha kushonwa likawa rahisi kuliko kitambaa chake kabla hajakikata. Ondiek akafuata kazi kule mashati yalikotoka. Kiwandani walimpokea vizuri, wakamlipa kidogo, wakafungia kitambulisho chake kabatini. Makubaliano yalihusu nguo. Mafundi hawakutajwa.

Kwa hiyo alijituma nyumbani kidogo kidogo, akijishonea ndani ya mapindo. Mpakani ofisa aliona goti, akauliza limetengenezwa wapi. Dereva akasema Nyalenda, mtaa alikozaliwa Ondiek. Nyalenda iko ndani ya nchi zilizokubaliana, basi likapita.

Aliyemuunga ni Nabalayo, jirani anayetia zipu nguo za watu.

"Shemeji, wenzako hurudi na basi," alisema, sindano mdomoni. "Wewe umerudi rejareja."

"Kaza hapo shingoni, mama," Ondiek akajibu. "Hiyo bado nitaitumia."

Mvua za masika zilipokwisha, alikuwa amekamilika hadi nyayo, isipokuwa mikono. Atieno alifungua kila robota akipapasa mapindo yote, mpaka wateja wakamwambia nguo zinachafuka. Mume alikuwa naye mezani, akicheka, akimwambia chai imezidi majani. Lakini Atieno alitaka kushikwa. Hilo tu.

"Mikono itakuja lini?" alimuuliza siku moja.

Ondiek akatazama chini. "Haiji, Mama Debra. Mimi nimeshonwa na hiyo mikono. Yenyewe ishonwe na nani?"

Kule kiwandani meneja aliikuta mikono peke yake kwenye cherehani, ikifanya kazi, akaridhika. Haikula, haikuugua, haikuomba ruhusa ya kwenda matanga. Akaipunguzia mshahara. Kisha akawaita mafundi wengine waitazame, akawapunguzia na wao. Mashati yakashuka bei tena, na Nabalayo akakosa zipu za kutia, kwa kuwa watu waliona afadhali wanunue suruali nyingine. Vijana wa mtaa wa Kondele walianza kuja kumuuliza Ondiek mtu hutumaje mikono tu. Aliwaeleza bila kuficha. Wengine walienda.

Jumapili, baada ya kanisa, Atieno alikuwa jikoni akisonga ugali. Ondiek alikuja akasimama nyuma yake, karibu sana, akawa anapumua shingoni mwake. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na mikono ya shati ilining'inia mitupu. Atieno aliegemeza mwiko kwenye sufuria. Akashika mkono mmoja wa shati, akashika wa pili, akaizungushia kiuno chake na kuifunga fundo tumboni.

"Imekaza?" Ondiek akauliza.

"Kaa hivyo hivyo," akasema, akachukua mwiko.