Kicheko cha Uwanjani

Jeshi lilipokubali ndege za abiria zitumie uwanja wake, Sajini Farjallah, aliyekuwa akiongoza ndege kutoka mnarani, alifurahi, kwa sababu mkewe Zeina aliajiriwa kupokea abiria papo hapo. Furaha hiyo haikudumu. Kila asubuhi alimwona Zeina kule chini akicheka na rubani Mwaro, kicheko ambacho nyumbani kwao Shella kilikuwa kimeadimika.

Siku moja rubani alimkinga Zeina jua kwa mwavuli wake mpaka mlangoni mwa ndege. Wivu ukamkaba Farjallah. Mwaro alipoomba ruhusa ya kuruka, alimjibu kwenye redio, "Subiri. Kuna helikopta ya jeshi inakuja."

Hakukuwa na helikopta. Abiria walitota jasho, watoto wakalia, na bwana mmoja akashuka akamtolea Zeina maneno makali juu ya helikopta isiyoonekana. Zeina alitazama anga tupu, kisha akautazama mnara, akapiga simu.

"Mume wangu, ni jeshi lililowazuia watu hawa, au ni wewe?"

"Nitakueleza," alisema Farjallah.

"Basi tutazungumza nyumbani. Hawa waache waende zao."

Farjallah akairuhusu ndege iruke. Jioni alikiri yote. Zeina alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho nitakwenda kazini, na nikichekeshwa nitacheka. Nawe ukamweleze mkuu wako ulichofanya, kabla sijamweleza mimi."

Asubuhi Farjallah alivaa sare yake, akaenda kubisha mlango wa mkuu wake.