Sababu Tatu za Kifo cha Geresoni

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa nne na robo asubuhi. Ukungu, manyunyu, na baridi ya kuvalia koti ndani ya nyumba.

Ukoo wa marehemu Geresoni ulikutana nyumbani kwake, Kisondela, kujadili jambo lililowashinda polisi kwa siku kumi na tisa: kwa nini mtu alimpiga marehemu kichwani kwa kitu kizito, mchana kweupe, katikati ya miparachichi yake, akaondoka bila kuchukua hata simu.

Polisi wasilaumiwe sana. Mpelelezi alipowasili kutoka Tukuyu, alikuta ukoo umekwisha kutimiza heshima zote za msiba. Mwili ulikuwa umeoshwa na kuvikwa suti. Nyasi zilikuwa zimefyekwa kuanzia barabarani hadi mahali alipoangukia, na mahali penyewe palikuwa pamefagiliwa mara mbili, kwa sababu wageni wangepita hapo. Mpelelezi alisimama juu ya udongo safi kabisa na kuomba jambo moja tu: ukoo ukikaa, apelekewe nakala ya muhtasari wa kikao.

Ajenda zilikuwa mbili: sababu ya mauaji, kisha nyumba na shamba. Mjane wa marehemu, Atupakisye, alifahamu kwamba ya kwanza ilikuwa ngazi ya kupandia ya pili. Kikao kikiamua kwamba sababu ni yeye, jioni angekuwa njiani kurudi kwao Suma na sanduku lake.

Kaka mkubwa wa marehemu, Ambindwile, alikuwa mwenyekiti. Mpwa wao Ikupa, karani wa kiwanda cha chai, aliteuliwa katibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Baadaye uteuzi huo ulijutiwa.

Binamu yao Anosisye alianza.

"Sababu ni mpaka. Marehemu, Mungu amrehemu, alisogeza mpaka hatua tatu. Jambo hilo linauma."

"Alipakana na nani, shemeji?" Atupakisye aliuliza.

"Upande ule, mto."

"Na upande huu?"

Anosisye alichunguza dari. "Upande huu, mimi."

"Andika, mwanangu," Atupakisye alimwambia Ikupa.

Lazaro, mdogo wa marehemu, alicheka. "Mpaka ni mambo ya kizamani. Sababu ni uzee wa kanisa. Kuna mtu aliumia sana mwaka jana, marehemu alipompita kwa kura mbili."

"Mtu huyo ni wewe, shemeji."

"Nilikuwa natoa mfano."

"Mfano mzuri. Andika."

Ambindwile aligonga meza. "Shemeji, hapa wewe si mpelelezi. Nitasema wazi. Sababu ni nyumba hii. Anayeitaka nyumba hii ndiye aliyemuua ndugu yetu."

Wajumbe walitazama nje. Kwenye pikapu ya mwenyekiti kulikuwa na kitanda cha mninga na godoro lake, vimefunikwa turubai.

"Kile ni kwa ajili ya wageni," alisema mwenyekiti.

"Ndaga, asante, shemeji. Andika na wageni."

Mwenyekiti alitangaza kwamba ajenda ya kwanza imejadiliwa kwa kina. Kwa mikono iliyonyooshwa haraka, kikao kiliazimia kuwa mjane arudi kwao na nyumba isimamiwe na mwenyekiti. Ikupa aliandika hayo pia, kisha akasoma muhtasari wote kwa sauti ya ofisini: nani alitaja sababu gani, na sababu hiyo inamhusu nani. Katika kila aya, majina mawili yalikuwa jina moja.

"Sasa kila mjumbe asaini mbele ya maelezo yake," alisema. "Nakala moja ni ya mtendaji wa kijiji. Bila saini hatalipokea azimio la nyumba. Nakala ya pili ni ya mpelelezi."

Atupakisye alichukua kalamu na kusaini. "Mimi siku ile nilikuwa kituo cha chai, napimiwa majani mbele ya watu arobaini," alisema, akaiweka kalamu katikati ya meza.

Kalamu ilibaki hapo.

"Miwani yangu iko nyumbani," alisema Anosisye.

"Mwenyekiti husaini mwisho," alisema Ambindwile.

"Hatuwezi kuandika kwamba sababu zilitajwa na watu wasiojulikana?" aliuliza Lazaro.

"Watu wasiojulikana hawakuhudhuria, mjomba."

Saa saba kikao kiliahirishwa hadi tarehe itakayotajwa. Haijatajwa.

Anosisye alikwenda kutafuta miwani na hakurudi. Lazaro alipanda bodaboda kwenda kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, kwa mazoezi ya kwaya. Ambindwile alikirudisha kitanda kwake na kukishusha kwa msaada wa majirani wawili ambao hawakuuliza kitu. Ikupa aliupeleka muhtasari kwa mpelelezi bila saini zilizokosekana. Mpelelezi aliusoma mara mbili, akaagiza wajumbe watatu wafike kituoni Jumatatu saa mbili. Aliyemuua Geresoni, kama hakuwa mmoja wao, siku hiyo alifanya jambo ambalo hakuna anayelijua. Atupakisye alimenya ndizi, akapika, akala, kisha akaenda kuchuma parachichi upande wa mtoni.