Pini Nne Ubaoni

Nisijifanye mwema: nilimwonea Mpawenimana wivu tangu makala yake ya kwanza. Mimi Tunu, niliyelelewa dukani Kasulu mjini na bibi mzaliwa wa Pangani, ndiye katibu wa gazeti la ukutani la chuo chetu cha ualimu. Kiswahili nakijua. Yeye, mtoto wa wakulima wa Makere waliotokea Burundi, akiongea Kirundi kinamvuta ulimi, lakini akiandika watu wanachelewa chai wakimsoma. Makala zangu za usafi wa mabweni zilisomwa na nzi.

Kabla ya ziara ya kiongozi mmoja wa serikali tuligawiwa maswali yaliyochapwa, kila mtu na lake la kuuliza. Mpawenimana akaandika makala juu ya hilo, akaniletea, maana hakuna kinachobandikwa bila saini yangu. Niliisoma mara tatu, roho ikiniuma kwa uzuri wake. Nikasaini. Akaibandika kwa pini nne.

Haikumaliza asubuhi. Mwalimu Ildefonsi, mshauri wa wanafunzi, aliichana vipande vipande hata kabla ya kuiona saini yangu, akatuita ofisini.

"Tunu, uliipitisha hii?"

Ningesema ndiyo, ingekuwa makala halali ya gazeti, na tungeonywa wote wawili, basi. Lakini akilini niliiona nafasi yake ubaoni ikiwa tupu, na makala yangu ikiwa imekaa peke yake. "Sijawahi kuiona, Mwalimu," nikasema.

Mpawenimana alinitazama. "Labda nilisahau kumpelekea dada," akasema taratibu.

Hata kwa wema alinizidi. Alisimamishwa masomo mwaka mzima, akapanda bodaboda na godoro lake kurudi Makere.

Nikabandika makala mpya kando ya nafasi ile. Kesho yake nikakuta kundi ubaoni, nikafurahi. Kumbe walikuwa wamezielekea zile pini nne zilizobaki. Dorcas, tunayelala naye chumba kimoja, alikuwa anawasomea wenzake ile makala iliyochanwa, kwa kichwa.

"Serikali inaweza kufunga barabara kiongozi apite. Inaweza kunitoza kodi. Lakini swali langu..." Akakwama. "Lakini swali langu nini, jamani?"

Mmoja akajaribu, akaboronga. Mwingine akaboronga zaidi. Nilishindwa kuvumilia.

"Lakini swali langu halikuzaliwa ofisini kwake," nikasema, "na halitakwenda huko kuomba kibali."

Wakageuka wote.

"Kumbe uliisoma, Tunu," akasema Dorcas.