Kisichopokelewa Mkononi

Katika soko la Kasongo, Rachelle huuza mikate ya kukaanga, na hampi mtu kitu mkononi. Huweka mkate juu ya jani, huondoa mkono wake, ndipo mteja aokote. Wanaomjua wamezoea. Wasiomjua humwona ana maringo, na kwa sura ile anayoivaa akiwa kazini, huwezi kuwalaumu.

Lakini si maringo. Miaka mitatu alikuwa vitani upande wa Kabambare pamoja na wanamgambo wa Maimai, naye ndiye aliyetunza maji ya dawa. Kila walipokwenda kupigana aliwanyunyizia wapiganaji ili risasi zisiwapate. Mtunza maji haguswi, na ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, anaokota mwenyewe. Siku moja, kwa njaa na kujisahau, alipokea chumvi mkononi mwa kijana mmoja, Bulaimu. Jioni ile Bulaimu akapigwa risasi. Hakuna aliyejua habari ya chumvi ila yeye. Vita aliviacha msituni, lakini mwiko amekuja nao mjini.

Leo mdogo wake, Cécilia, amefika kutoka Wamaza, kutwa nzima juu ya pikipiki, matope mpaka magotini, mtoto wa miezi miwili mgongoni. Ndiye mtoto wake wa kwanza. Rachelle alimtengea mdogo wake maji ya kuoga, akampikia bugali, akafanya yote isipokuwa lile moja ambalo mgeni alilifuata.

"Yaya, mupokee basi mutoto," Cécilia akamwambia dada yake.

"Siwezi."

"Nimetoka Wamaza juu ya hii tu."

"Cécilia, mutu mwenye nilipokea kitu mu mukono yake, alikufa." Hakuwahi kulisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Huyu namupenda. Sitaki afe."

Cécilia hakubisha, tangu utoto hajawahi kumshinda dada yake kwa maneno. Alitandika kitenge juu ya mkeka, akamlaza mtoto katikati, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sikupi mu mukono. Nimemuweka chini. Okota."

Mtoto alitazama huku na huku, akajiona yuko peke yake, akaanza kulia. Rachelle akamwangalia mdogo wake. Cécilia hakusogea. Kilio kikapanda. Rachelle akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya kile kishingo, akamwinua, akamkumbatia, akingoja balaa.

Balaa likaja. Mtoto alimkojolea blauzi yote.

"Amekumwangia maji," Cécilia akasema. "Sasa hata wewe, risasi haitakupata."

Rachelle alicheka, kisha akalia, na kwa muda mrefu hakutaka kubadilisha nguo wala kumwachia mtu mwingine mtoto. Mtoto alipolala, Cécilia alianza kutandika tena kitenge chini.

"Acha," Rachelle akasema. "Leta mikono."

Akampa mdogo wake mtoto, mkono kwa mkono.