Kipande cha Mwangangi

Mwangangi alishuka mtaroni na viatu vya kanisani, kwa sababu nilikataa kumngoja aende akabadilishe. Watu walikuwa wamesimama juu ya rundo la udongo mwekundu, wakitazama aliyekuwa mwenyekiti wetu wa maji akishika jembe. Mimi nilikaa juu ya kifuniko cha koki kubwa. Siku hiyo nilikuwa nimeilea kama ndama.

Nimetembea sana katika maisha haya. Nimevuna mananasi Thika, nimepasua mawe Ruiru, nimelala Isiolo na Busia bila kujua nitaamkia wapi. Shule niliionja hapa na pale. Kwa hivyo dada yangu Kavindu alipokufa huku Gatuanyaga, habari ilinikuta amekwisha kuzikwa.

Walinieleza polepole. Kisima kilikuwa cha wanakijiji wenyewe, na sheria aliitunga Mwangangi: kila nyumba ichimbe kipande chake cha mtaro wa bomba kwa mikono yake. Kibarua hahesabiki. Kavindu alikuwa na kifua. Akiinua jembe anakohoa mpaka anakaa chini. Akaweka kibarua. Mwangangi akamfungia maji.

"Sheria ni sheria, mama," alimwambia mbele ya watu. "Tukianza na huruma tutamaliza na mifereji mikavu."

Kavindu akarudi kubeba maji ya mto, mlima ule wote, na kifua kile. Aliokotwa njiani, mtungi umemwagika kando yake.

Sikulia. Nilihamia nyumba yake, nikachimba kile kipande mwenyewe, nikabaki. Hapo ndipo watu waliposhangaa, maana mimi, Jeconia, sikuwahi kubaki mahali. Mwangangi alipomaliza muda wake, kamati mpya ikatafuta mtu asiye na mimea ya kumwagilia, ashike ufunguo wa koki bila kupendelea. Nikainua mkono.

Halafu mvua ya masika ikang'oa bomba pale korongoni, ikabidi mtaro uchimbwe upya. Mwangangi ana mgongo mbaya, kila mtu anajua. Akatuma vibarua. Nikamfungia.

Alikuja mbio. "Wewe mtu wa kuzurura, utanifundisha sheria niliyoitunga mimi?"

"Sikufundishi, mwenyekiti. Nakukumbusha tu."

Nyanya zake zilikuwa zimeanza kushika matunda. Nilipita pale kila asubuhi kuangalia majani yanavyojikunja, na nakwambia kweli, chai yangu ilikuwa tamu siku hizo.

Lakini aliyeteremka mtoni hakuwa Mwangangi. Alikuwa mkewe, Katunge, mtungi mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Alikuwa akinipita, nami natazama kwingine. Siku moja akasimama, akapumua kwanza.

"Unajua ni nani alimwokota dada yako?"

"Nani?"

"Ni mimi. Nilikuwa nimempelekea maji kwa siri, nikamkosa nyumbani."

Akaendelea kupanda. Ningeweza kufungua koki wakati ule ule. Sikufungua. Nilimtaka mwanamume mwenyewe, chini mtaroni, mbele ya macho ya watu.

Ndipo Jumapili hii Mwangangi akaja, akitoka ibadani, akasema yuko tayari. Nami sikumpa nafasi ya kugeuza mawazo.

Vijana walianza kwa kucheka. "Chairman, wacha hiyo jembe ipumue!" Mwangangi aliendelea kuchimba. Mgongo ulipomkataa alipiga magoti, akachimba akiwa amepiga magoti, akisukuma udongo kwa viganja. Kicheko kikafa chenyewe. Mama mmoja akaondoka, hakutaka kuona.

Mwishowe aliinua uso. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye vumbi.

"Imetosha?"

Ilitosha. Bomba lingelala pale lizikwe vizuri, na kila mtu aliona.

"Bado," nikasema.

Hakuna aliyepinga. Ufunguo ulikuwa kwangu. Mwangangi akaliinua jembe tena, likamponyoka.

Katunge akatoka katikati ya watu. Alijifunga leso kiunoni, akashuka mtaroni, akaliokota. Mumewe akajaribu kumzuia. Katunge akamsogeza kando kwa kiwiko, kama unavyomsogeza mtoto mbali na moto. Akaanza kuchimba.

"Mzee Jeconia," alisema bila kuinua macho, "ukishiba, utatuambia."

Udongo ukaendelea kuruka hadi miguuni pangu. Nilikaa pale, ufunguo magotini, nikijitafuta tumboni kama nimeshiba.